Nibu ya Mashoto

Narsing Rao, fundi wa kalamu, aliibana lenzi ya sonara jichoni, akaikunja sura yote kuizunguka, akaikagua ile nibu kwa muda ambao Inspekta mstaafu Basharat Mirza aliuona umepita adabu. Feni ya dari ilizunguka kivivu juu ya vichwa vyao. Kaunta nzima ilijaa kalamu za wino zilizofunguliwa matumbo, kila moja ikingoja zamu yake ya kutibiwa.

"Haya, sema," Mirza akamhimiza.

"Usiniharakishe, Mirza Saheb. Wewe ulikuwa polisi, umezoea watu kusema kabla hawajafikiri."

Mirza akacheka, akachovya biskuti ya Osmania kwenye chai, na nusu ya biskuti ikazama kikombeni. Hilo lilimuudhi kuliko ule utani.

Kesi yenyewe ilikuwa ndogo, na kwa uzoefu wake kesi ndogo ndizo zinazovunja nyumba. Jaji mstaafu Ibadullah alikuwa na kalamu ya marehemu baba yake, na kila ndoa ya ukoo ule ilitiwa sahihi kwa kalamu hiyo. Ijumaa hii binti yake Atiya alikuwa anaolewa. Mke wa Jaji, Qamar Begum, aliitoa kalamu sandukuni ili aijaribu, ikamkwaruzia karatasi na kumtemea wino kwenye shali. Kuitazama vizuri, nibu ya dhahabu haikuwepo. Mtu alikuwa ameing'oa na kupachika nibu ya chuma, ncha yake imekatwa mshazari.

Wote wakasema hiyo ni nibu ya mashoto, na katika nyumba ile mashoto alikuwa mmoja tu, Naushin, mke wa mtoto wao Tausif, ambaye hata mwaka alikuwa hajamaliza pale. Qamar Begum hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya asali kwamba mkwewe anaonekana amechoka, basi aende kwa mama yake akapumzike mpaka harusi ipite. Hyderabad nzima hakuna asiyejua maana ya mkwe kupelekwa kwao kupumzika wiki ya harusi. Tausif alimjia Mirza, rafiki wa zamani wa baba yake, macho mekundu. "Ami, asipoonekana Ijumaa, harudi tena," alisema. "Mama hatamwita, na yeye bila kuitwa haji."

Na leo ilikuwa Jumatano.

"Ni ya mashoto," Rao akatoa hukumu, akaishusha lenzi. "Tazama. Wewe ukiandika, mkono unatoka kushoto kwenda kulia, unaikokota kalamu nyuma yake. Mashoto haikokoti, anaisukuma, kama mtu anayesukuma mkokoteni. Sasa nibu ya kawaida ukiisukuma inachimba karatasi. Ndiyo maana ya huu mkato. Umelalia upande wa pili kabisa."

"Na hapa mjini anayeuza nibu hizi ni nani?"

"Hakuna. Mashoto wa mji huu wanahangaika, maskini. Wengine wanaishia kwenye biki." Neno hilo la mwisho alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa. "Hata mwezi huu alinijia msichana mmoja na mumewe. Mrefu, ana miwani, anasomesha kemia chuoni. Amezunguka mji mzima anatafuta nibu ya mkono wake."

Mirza alikuwa akiomba asilisikie hilo. Akaweka kikombe chini.

"Ukamuuzia?"

"Ningemuuzia nini? Nilimwambia naweza kumsagia moja kwenye jiwe. Akasema kwanza atawauliza wakubwa nyumbani. Hakurudi."

"Basi alipata kwingine."

"Wewe ndiye umesema."

Mirza akaichukua nibu, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Haikuwa na chapa ya kiwanda. Alama za tupa zilionekana kwenye ukingo wa mkato, kwa hiyo ilikatwa kwa mkono, na karibu na shina palikuwa na doa la rangi ya udongo mwekundu.

"Hii ina umri gani, Rao?"

"Mzee huyo. Huoni ncha ilivyolika? Alikuwa anaandika kabla mimi sijazaliwa."

"Na hili doa?"

"Kutu. Chuma ni chuma."

"Ulipokuwa shule, darasani kwenu mashoto walikuwa wangapi?"

"Hata mmoja. Yaani walikuwepo, lakini mwalimu wetu alikuwa na rula ya shaba. Wiki moja tu, kila mtu amekuwa wa mkono wa kulia." Rao akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Akaitazama tena nibu.

"Mimi naona hivyo hivyo," Mirza akasema. "Enzi hizo mashoto alikuwa anachapwa mpaka abadilike. Nani basi alikaa chini na tupa akamkatia nibu?"

"Swali zuri sana hilo. Lakini mimi bado nasema ni ya mashoto." Rao akairudisha nibu kwenye kalamu, akaifunga kifuniko. "Haya, nipishe, nina wateja."

Dukani hapakuwa na mteja hata mmoja.

Kwa akina Naushin, huko Malakpet, mlango ulifunguliwa na mama mtu, mwanamke mnene mwenye uso mpole, ambaye alimtazama Mirza kama anavyotazamwa mtu aliyeleta taarifa ya msiba. Alimkaribisha, akakimbilia jikoni kupika chai, na vikombe vikasikika vikigongana kuliko inavyostahili.

Naushin alikuwa mezani akisahihisha mitihani ya wanafunzi wake. Ukingo wa kiganja chake cha kushoto ulikuwa buluu tupu. Aliona Mirza anautazama, akauinua aone vizuri.

"Ushahidi huo, Ami. Nikiandika mstari, mkono unapita juu yake unaufuta. Wanafunzi wangu wanadhani nimegombana na chupa ya wino."

"Ulikwenda kwa Narsing Rao?"

"Nilikwenda."

"Kutafuta nini?"

"Nibu ya mashoto. Hilo hata Tausif angekwambia."

"Mama mkwe wako ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Mkono huu aliuona siku ya kwanza naminya ndimu, akatazama ukutani. Leo nimwambie nautafutia pambo?"

Mirza alibana tabasamu.

"Sanduku la kalamu ya babu umewahi kulifungua?"

"Mimi mwenyewe, hapana. Baba mkwe alilifungua mara moja, akanionyesha. Iliniandikia vibaya kama kalamu zote. Nibu ilikuwa ya dhahabu."

"Una hakika?"

"Ami, mimi nafundisha kemia. Dhahabu naijua."

Mirza akatoa kalamu mfukoni, akamsogezea pamoja na karatasi tupu. "Andika jina lako."

Naushin aliishika, akaandika kwa Kiingereza kama alivyozoea. Kalamu haikukwaruza. Wino ulitoka mwembamba kisha mnene, laini, herufi zikafuatana bila kusitasita, na msichana akasahau kabisa kwamba anahojiwa. Aliandika jina lake, akaandika la Tausif, akaandika majina ya madini manne, akacheka peke yake. Halafu akakumbuka. Akaiweka kalamu taratibu sana.

"Kwa hiyo nyumbani inamkwaruza kila mtu isipokuwa mimi."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Basi andika hivyo hivyo kwenye taarifa yako. Imeniandikia vizuri. Siwezi kusema uongo kwa sababu ukweli umenigeuka." Hakutazama chini. "Lakini sijaiba, Ami. Na Atiya mwambie nilikuwa nimeshamshonea dupatta yake, ule mtandio wa harusi."

Mirza alikuwa amehoji wezi nusu ya maisha yake. Mwizi angeikandamiza kalamu hiyo makusudi ili ikwaruze, kisha angelalamika. Lakini huwezi kwenda kwa Qamar Begum ukamwambia kwamba mkwewe hana hatia kwa kuwa ameandika vizuri. Alikunywa chai, ambayo mama mtu alikuwa ameitia sukari ya watu watatu, akaaga.

Njiani akapita Chatta Bazar. Qamar Begum alikuwa amemtuma kadi za harusi zilizopungua, akisema kwamba kwa kuwa anazunguka mji bila kupata chochote, basi angalau arudi na kadi. Katibu wa kadi, mtu mkavu mwenye kofia nyeupe, alikuwa bado anaandika ya mwisho kwa Kiurdu. Hakunyanyua kichwa. Mirza akasimama kwenye kizingiti kumsubiri, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akautazama mkono wake.

Mkono wa kulia ulianzia kulia. Ukaelekea kushoto. Kalamu ilitangulia mbele, kiganja kikiifuata nyuma.

Mirza akasogea karibu zaidi.

Yule mtu alikuwa hakokoti kalamu. Alikuwa anaisukuma.

"Mzee," katibu akasema, "unanikingia mwanga."

Mirza hakumsikia. Alikwisha chukua kadi iliyoharibika kwenye kikapu, akaigeuza, akatoa kalamu ya Jaji. Kwanza akatia sahihi yake ya kazi, ya Kiingereza, ile aliyoitia kwenye maelfu ya mafaili. Kwaru, kwaru, na tone la wino. Kisha akashusha pumzi, akaenda mwanzo wa kulia wa kadi, na kwa mkono ule ule wa kulia akaandika jina lake kwa Kiurdu, kama alivyofundishwa na marehemu bibi yake barazani. Mwandiko ulikuwa wa kitoto kwa kukosa mazoezi, lakini kalamu iliteleza kama imepakwa siagi. Tumbo la herufi likatoka pana, mkia ukatoka mwembamba, kila kitu mahali pake.

Alijiona zuzu. Siku ya kwanza alipopewa kalamu hii aliijaribu kwa kutia sahihi ya Kiingereza. Jaji alikuwa amefanya vivyo hivyo, mtu aliyeandika hukumu za Kiingereza mpaka akastaafu. Qamar Begum alisoma kwa masista, watoto wakasoma shule za Kiingereza. Kiurdu walikizungumza, walitaniana na kugombana kwacho, lakini kukiandika waliwaachia makatibu wa kadi za harusi. Wote waliikwaruza kalamu upande mmoja, wote wakafikia jibu moja. Nibu ilikatwa kwa ajili ya mtu anayesukuma kalamu. Mashoto anaposukuma Kiingereza na mwenye mkono wa kulia anaposukuma Kiurdu, nibu inayowafaa ni ile ile.

Likabaki doa. Mirza akalowanisha kidole, akalisugua, akakinusa. Kutu haina harufu ile, chungu na tamu kwa pamoja. Ilikuwa katu, ya kuliwa kwenye tambuu.

"Ndugu yangu," akamwambia katibu, "Mungu akupe umri."

"Aanze kwa kunipa mwanga," katibu akajibu.

Nyumbani kwa Jaji mafundi walikuwa wanafunga taa kwenye miti ya uani. Jaji Ibadullah, mwembamba na mpole, alimpokea Mirza ukumbini. Qamar Begum akatokea nyuma yake akiwa na orodha ya vyakula mkononi na penseli sikioni.

"Umeleta kadi?"

"Nimeleta. Begum, katika nyumba hii anayekula tambuu ni nani?"

"Swali gani hilo? Hakuna. Mimi nimezikataza, zinaharibu mashuka."

"Hata huko juu?"

Qamar Begum akasita. "Huko juu ni kwa Shangazi. Yeye hakatazwi kitu na mtu."

Shangazi Mehrun alikuwa dada mkubwa wa Jaji, mjane wa siku nyingi. Magoti yalikuwa yamemfungia ghorofani, na habari za chini zilimfikia zile tu ambazo watu walipenda zimfikie. Walimkuta kitandani, mdogo kama kifurushi, sanduku lake la fedha la tambuu likiwa pajani. Alikuwa anapaka chokaa kwenye jani.

"Basharat! Umenenepa. Kaa hapo. Na wewe Qamar, huyo mtumishi mpya unayemtuma ananiletea chai baridi. Namtaka Naushin wangu. Kupumzika gani huku kusikokwisha?"

Mirza akavuta kigoda, akakaa karibu na sikio lake zuri.

"Shangazi, nibu ya dhahabu iko wapi?"

"Ile ya Kizungu? Humu." Akafungua kijidroo cha chini cha sanduku la tambuu, akaitoa, nyekundu kwa katu upande mmoja. "Kwani mnaihitaji?"

Qamar Begum akashika ukuta.

"Wewe ndiye uliyeibadilisha, Dada?" Jaji akauliza.

"Nimeirudisha, sikuibadilisha! Wewe Ibad ndiye uliyebadilisha, siku ulipopata uwakili. Ukaing'oa nibu ya Baba, ukatia hii inayong'aa ili uandike Kiingereza chako. Ile ukanipa, ukasema, Dada, tupa. Mimi nitupe nibu ya Baba? Nikaitia humu, imekaa na katu yangu mpaka leo. Cheti changu cha ndoa kilitiwa sahihi kwa nibu hiyo. Na cha mama yetu pia. Nikasema na Atiya, mtoto wa mwisho wa nyumba hii, atie sahihi kwa hiyo hiyo. Nikamtuma Atiya aniletee sanduku, nikasema nataka kuishika kalamu ya Baba kidogo. Nikairudisha akiwa anapepeta popoo zangu za tambuu dirishani."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilikuwa nangoja mseme nyinyi." Bibi kizee akamtazama mdogo wake, na safari hii sauti yake ilishuka. "Nilisema, Ibad akiiona tu atapanda ngazi hizi analia. Kila siku nasikiliza ngazi. Kumbe hukuijua."

Jaji aliipokea kalamu kwa Mirza, akaketi ukingoni mwa kitanda cha dada yake, akachukua gazeti lililokuwa pale, na kwenye pambizo lake akaanza kuandika kutoka kulia. Mkono ulisimama, ukatafuta, ukaendelea. Aliandika jina la baba yake. Machozi yakamtoka wazi wazi, wala hakuyaficha.

"Mbaya," Shangazi akasema akichungulia. "Lakini inasomeka. Atiya nitamfundisha mwenyewe kesho, jina lake ni herufi nne tu. Sasa, Naushin anarudi lini?"

Mirza alimpa Qamar Begum nafasi ya kusema mwenyewe. Alipoona nafasi inapita, akasema yeye.

"Naushin hakwenda kupumzika, Shangazi. Alisingiziwa kwamba ameiba nibu ya dhahabu akatia hii, kwa sababu ni mashoto."

"Nani kamsingizia?"

Penseli ilikuwa imemdondoka Qamar Begum sikioni. Aliinama kuiokota, akakaa chini kule muda mrefu.

"Qamar, nipe viatu vyangu," Shangazi akasema.

"Magoti yako, wifi."

"Magoti ni yangu na fedheha ni yangu. Mtoto wa watu amefukuzwa kwa kosa nililolifanya mimi. Nipe viatu."

"Nitakwenda mimi." Qamar Begum alisimama. "Aliyemtoa ni mimi. Nitakwenda mimi, wewe kaa."

"Tutakwenda wote," Shangazi akasema. "Wewe peke yako utaanza na habari za hali ya hewa."

Tausif aliendesha gari mpaka Malakpet, na kila penye taa nyekundu alikuwa anaimba chini chini. Majirani walitoka kwenye baraza zao kuona. Mama mkwe huwa haendi kumchukua mkwe. Humtuma mtoto wake, au hupiga simu na kukohoa. Huyu alishuka mwenyewe, shali ina madoa ya wino, akapanda ngazi kwa miguu yake. Nyuma yake Mirza na Tausif walimbeba Shangazi kwenye kiti, naye akiwaelekeza kana kwamba hawajawahi kuona ngazi.

Mama yake Naushin alifungua mlango, akasahau hata kukaribisha. Naushin akatokea nyuma yake, miwani juu ya paji la uso. Alipowaona wote wale alidhani kuna aliyefariki.

Qamar Begum alikuwa ameandaa maneno garini. Mirza alimsikia akiyanong'ona. Pale mlangoni hakulikumbuka hata moja.

"Naushin," akasema, "nimekudhulumu. Hukuchukua kitu. Nilikuhukumu kwa mkono wako, na nilikuwa nimeshauhukumu kabla ya kalamu. Nisamehe."

Naushin alimtazama, akamtazama Tausif, akamtazama Shangazi aliyekuwa akitikisa kichwa kwa nguvu kumwambia akubali.

Qamar Begum akatoa kalamu kwenye mkoba. Naushin akanyoosha mkono wa kulia, kama alivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa. Mama mkwe hakuiachia. Aliusogeza kando ule mkono wa kulia, akautafuta wa kushoto uliokuwa umejificha kwenye mikunjo ya nguo, akaufungua kiganja, akailaza kalamu humo mbele ya majirani wote.

"Mimi inanikwaruza, mwanangu," alisema. "Wewe inakusikia. Ijumaa utaileta mezani mwenyewe, kwa mkono huu huu. Twende nyumbani."

Naushin akaingia ndani kutafuta viatu vyake.